Kipande cha Mpita Njia

Générose Akimana alifika Kigali mwezi wa nane mwaka 1994, juu ya lori la mizigo, akiwa na masanduku mawili, mwavuli, na ramani ya Afrika aliyoikunja ndani ya gazeti ili isichanike. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, kwa wazazi waliokimbia Rwanda yeye akiwa bado tumboni. Huko alikua, akasomea ualimu, akafundisha jiografia kwa Kifaransa katika shule ya wasichana. Kila mwaka alifundisha vilima na mito ya nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na wanafunzi wake walijua kwamba somo la Rwanda likifika, mwalimu atageukia ubao kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Sasa alikuwa ameikanyaga. Mji ulikuwa kimya, milango mingi ikiwa wazi bila mtu wa kuifunga. Waliotangulia kurudi walimwonyesha nyumba nzuri yenye baraza na mti wa parachichi, wakamwambia aingie tu, haina mwenyewe. Aliingia, akaona sufuria juu ya mafiga na nguo ya mtoto kwenye kamba, akatoka. Mwishowe seremala mmoja wa Nyakabanda, Melchior, ambaye naye alitoka Bujumbura, alimwachia chumba alichokuwa akiwekea mbao nyuma ya karakana yake. Kilinuka gundi na maranda. Générose alimshukuru siku ya kwanza, akamshukuru siku ya pili, na siku ya tatu Melchior akamwambia inatosha, maana hata ukuta umeshasikia.

Lakini chumba hakimlishi mtu, wala mwalimu bila shule si mwalimu. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa. Kwenye ofisi alikopita, walimsikiliza kwa adabu akieleza masomo yake kwa Kifaransa kizuri, kisha wakamuuliza kama anajua Kiingereza. Wakubwa wapya wengi walikulia Uganda, na wageni waliokuja na misaada walizungumza Kiingereza kuanzia asubuhi hadi jioni. Générose alijua Kiingereza cha vitabuni, kile cha kumsalimia mwalimu na kueleza rangi ya paka.

Aliyemwokoa ni Jolly Kaliza. Jolly alikuwa jirani, mama wa makamo mwenye mwili na sauti kubwa, aliyekulia Uganda na kufanya kazi miaka mingi akipiga taipu katika idara ya barabara huko. Jioni alifundisha Kiingereza katika chumba cha duka tupu karibu na njia panda ya Sonatubes, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima tu: wauguzi, makarani, padri mmoja, wote wa Kifaransa, wote na aibu. Tatizo la Jolly lilikuwa la upande wa pili. Karatasi zote alizozikuta katika nchi ya baba yake zilikuwa za Kifaransa, na hakuweza kusoma hata maelezo kwenye chupa ya dawa. Wakakubaliana kila mmoja amfundishe mwenzake. Kutoka Nyakabanda hadi Sonatubes ni mwendo, na magari yalikuwa machache, kwa hiyo walitembea pamoja kila jioni. Darasa la Générose likawa barabara yenyewe.

"Mwingereza, nyabo, hapendi kuita vitu viwili kwa jina moja," Jolly alimwambia jioni ya kwanza, akimwita bibi kwa Kiganda. "Ukimwambia barabara, atakuuliza ipi."

Basi wakaanza na walichokanyaga. Njia nyembamba kati ya nyua mbili, inayoanzia karakana ya Melchior, Jolly akasema hiyo ni "lane". Ile iliyochongwa na magurudumu tu, ambayo hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kuijenga, ni "track". Ya miguu ni "path". Yenye nyumba na maduka pande zote ni "street", na inayotoka mji hadi mji, isiyojali nani anakaa kando yake, ni "road". Générose alizirudia kwa sauti ndogo, akigusa uzio kwa vidole. Alipenda mambo haya kuliko alivyotegemea. Miaka yote alikuwa amefundisha wapi njia zinakwenda. Hakuwahi kufikiri kwamba njia yenyewe ina sura na tabia kama mtu.

Yaliyo juu ya ardhi yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa mengi hayakuwapo Kigali. Jolly alisimama juu ya kiti darasani akiwa na sinia kichwani ili waelewe kwamba "flyover" ni barabara inayoruka juu ya barabara nyingine. Padri akauliza iko wapi. Jolly akasema hapa hakuna, wakiitaka wataiagiza Ulaya pamoja na mitumba. "Viaduct" aliijenga kwa vikombe vingi na ubao wa kufulia, daraja refu la miguu mingi linalovuka bonde. "Embankment" ikawa rundo la unga wa muhogo lililobeba kijiko. Kisha akafika kwenye "causeway", akakosa kifaa. Akafikiri, akainama mbele ya darasa, mikono magotini, mgongo umenyooka.

"Daraja linasimama," alisema akiwa ameinama hivyo hivyo. "Lina miguu, maji yanapita chini. Causeway haina miguu. Imelala kifudifudi kwenye tope, watu wanaipitia mgongoni. Mnaiona? Mnaiona, au niendelee kuumia?"

Walicheka hadi padri akavua miwani. Générose naye alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu afike, na alipokuwa akirudi nyumbani alishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi. Usiku ule alimwombea Jolly kwa jina.

Mwezi wa tisa ulipoanza, kikundi cha wahandisi wa kigeni kilitafuta mkalimani. Walikuwa wakitengeneza vivuko vya kusini mwa mji kabla ya mvua, na kila walikofika walihitaji mtu wa kusema na wenyeji. Mtu aliyeulizwa kwanza ni Jolly. Akasema yeye ana darasa, akawapelekea Générose, na hata siku moja hakumkumbusha jambo hilo.

Mkuu wa wahandisi aliitwa Pirie, Mskoti mwembamba aliyebabuka pua kwa jua. Alimuuliza Générose anajua nini kuhusu barabara. Naye, kwa kuwa aliogopa akinyamaza ataambiwa aende, akamwaga yote: lane, track, path, viaduct, unga wa muhogo na sinia kichwani. Alipofika kwenye "causeway" Pirie alitabasamu. Alisema kwao iko moja inayokwenda kwenye kisiwa alichokaa bibi yake, na bahari huifunika kisha huifunua, na ukichelewa kuondoka unalala kwa bibi. Akampa kazi hapo hapo.

Walizunguka na dereva aitwaye Nduwayo, mtu wa Bujumbura kama yeye, aliyemwita Mwalimu na kumtania kwamba amesoma ramani zote za dunia ila ile ya kwenda sokoni. Walifungua mifereji, wakabadilisha mbao za madaraja madogo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika Gasharu.

Gasharu ni kilima kidogo ng'ambo ya bonde, kusini mwa Kagarama, mahali barabara inapoteremka na kufia kwenye mafunjo. Kati ya kilima na barabara kuna kinamasi kipana. Zahanati, soko na kanisa viko upande wa barabara. Mashamba na nyumba za Gasharu viko upande wa pili. Katikati palikuwa na tuta la kuvukia, lililojengwa kwa matita ya mafunjo yaliyolazwa moja juu ya jingine, majani na udongo juu yake, na vigingi vya mkaratusi pembeni. Wakati wa kiangazi mtu angeweza kupita kando yake kwa kuzama hadi magotini. Mvua ikija, asingepita kabisa, kwani kinamasi hujaa hadi kifuani na tope la chini halina mwisho.

Pirie alitembea juu ya tuta lile akasimama. Mbele yake palikuwa na nafasi tupu, maji meusi. Baada ya nafasi hiyo tuta liliendelea, limetengenezwa upya, mafunjo bado mabichi. Kisha nafasi nyingine, pana zaidi. Kisha kipande kizuri. Kisha maji tena, maji, na kipande kimoja chembamba peke yake katikati kama kisiwa. Nafasi tupu zilikuwa nyingi kuliko vipande.

Alimwambia Générose awaulize watu kwa nini wametengeneza hapa na kuacha pale. Watu wachache walikuwa wameshuka kutoka kilimani kutazama, wanawake wengi wao, na mzee mmoja mwenye fimbo. Générose akauliza. Wakatazama miguu yao. Akauliza tena, akidhani Kinyarwanda chake chenye lafudhi ya Kirundi hakikueleweka, na msichana mmoja akamwigiza mwenzake lafudhi ile, wakacheka kidogo, wakanyamaza tena.

Pirie alisubiri. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba yeye ana vivuko vingi na mvua haimsubiri mtu. Watu wenye nguvu za kutengeneza nusu wana nguvu za kutengeneza nusu ya pili. Kama wameiacha, basi ama wamegombana, ama kivuko hiki hakina kazi kwao. Wataendelea na kingine. Akaanza kurudi kwenye gari.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mzee alipotoka kwenye kundi na kumshika Générose mkono. Aliitwa Mukantwari. Alikuwa mfupi, kitenge chake kimefungwa kifuani, matope yamemkaukia hadi kwenye viwiko. Alimuuliza yule mzungu amesema nini, na Générose akamwambia ukweli. Mukantwari akatazama ng'ambo ya kinamasi. Alisema mkwe wake ana mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, atajifungua mvua ikija. Mtoto huyo, alisema, ndiye pekee aliyebaki kwake wa kumtegemea, hata kabla hajamwona. Kisha akaeleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali pa kukaa.

Kila nyumba ya Gasharu ilikuwa na kipande chake cha tuta. Baba alikirithi kwa babu. Kila kiangazi mafunjo ya mwaka uliopita yalioza, na kila nyumba ililaza mapya kwenye kipande chake, kati ya vigingi vyake vyenye alama zake za panga. Mtu hakulaza kwenye kipande cha mwenzake. Nyumba ikihama, au mwenye nyumba akifa bila watoto, ndugu walikuja na mtungi wa pombe, wakamkabidhi jirani kipande hicho mbele ya wote, na jirani akakilaza tangu siku hiyo. Kulaza bila kukabidhiwa kulikuwa sawa na kusema, mwenye hiki amekwisha.

"Mwaka huu hakuna aliyekabidhi," alisema Mukantwari. "Wengine tunajua walipo, hawatarudi, na ndugu zao wa kukabidhi wako nao huko huko. Wengine wamekwenda Zaire. Wengine hatujui. Sasa mimi nishuke na panga langu nianze kusema nani amekwisha? Nani anaweza?"

Générose alitazama tena zile nafasi. Alikuwa ameziona kama mashimo. Sasa aliona kwamba kila shimo lina vigingi vyake viwili, vimesimama wima majini, vina alama, na kwamba alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima kilichopangwa kwa mstari, waliopo na wasiokuwapo. Ile nafasi pana ilikuwa ya nyumba tatu za ndugu. Kile kipande chembamba katikati kilikuwa cha Mukantwari. Alikuwa amekilaza peke yake, akiyavuka maji kwenda kukitengeneza, ingawa hakikuunganika na chochote.

Akamkimbilia Pirie. Mtu ambaye maisha yake yote amezungumza Kifaransa cha darasani alijikuta na mfuko mtupu. Hakuwa na maneno ya kumweleza mtu msiba kwa Kiingereza. Alikuwa na maneno ya barabara tu. Basi akatumia hayo.

"Hii ni causeway," alimwambia. "Kila nyumba inatengeneza kipande kimoja. Palipo na maji, ni nyumba ambayo watu wake hawapo. Hawakuacha kazi. Wanawawekea nafasi."

Pirie alisimama mkono ukiwa kwenye mlango wa gari. Alirudi hadi kwenye tuta, akatembea mpaka kwenye nafasi ya kwanza, akachutama, akagusa kigingi. Alikaa pale kitambo.

Aliporudi alikuwa na nia njema na mpango mbaya. Alisema ataleta malori ya changarawe na mawe, atajaza bonde lote kwa siku chache, tuta gumu la kudumu ambalo mtu hatalihangaikia tena. Générose alipomtafsiria, Mukantwari alirudi nyuma kama aliyetishwa. Mawe hayatoki, alisema. Mwenye kipande akirudi atakuta nini? Atakuta mawe ya mzungu mahali pa baba yake. Na yule mzee mwenye fimbo akaongeza, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba bora waogelee.

Pirie akamtazama Générose, Mukantwari naye akamtazama Générose. Mmoja hakuweza kuacha maji yalivyo, mwingine hakuweza kukubali mawe, na mvua ilikuwa inajikusanya nyuma ya vilima vya kusini. Yeye alikuwa katikati, na alijua kwamba akikosea sasa, binti mmoja atakwama ng'ambo siku ya uchungu wake.

Alinyamaza, kama kawaida yake. Katika kunyamaza huko alijifikiria mwenyewe. Tangu afike nchini alikuwa ameona haya kwa jambo moja ambalo hakumwambia mtu, hata Jolly. Kila aliyemkuta alikuwa na mahali: hapa palikuwa kwa baba, pale tulilima, kisima kile ni chetu. Yeye baba yake alikufa Ngagara bila kumtajia hata kilima, kwa uchungu. Nchi nzima, alisema moyoni, na mimi sina ndani yake hata pa kusimika kigingi.

"Mukecuru," alimwambia Mukantwari, akimpa heshima ya bibi, "na mtu asiye na kipande mahali popote? Yeye akilaza mafunjo, anasema nini?"

"Popote?"

"Popote. Nilizaliwa Burundi."

Mukantwari alimkagua kuanzia viatu hadi nywele, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akauliza kama ana hakika hana. Générose akasema anayo hakika kabisa, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikumchoma kulisema. Mama mzee akageuka, akaongea na yule mwenye fimbo, wakabishana kidogo kwa sauti ya chini. Kisha akarudi.

Alisema zamani, kabla ya barabara, wafanyabiashara wa chumvi walipita hapa. Wakikuta kipande kimezama, walikata mafunjo, wakayalaza, wakavuka, wakaenda zao. Hakuna aliyewagombeza. Mpita njia hana ugomvi na mtu wala hamrithi mtu. Amelaza ili avuke. Mwenye kipande akija, anayatoa ya mpita njia na kuweka yake, na mambo yanabaki kama yalivyokuwa.

"Lakini awe mpita njia kweli," Mukantwari alisema. "Siyo sisi. Sisi tunawajua."

Générose alimweleza Pirie. Akahitaji muda, na akarudia mara mbili, kwani neno la "mpita njia" hakuwa nalo kwa Kiingereza. Pirie alisikiliza, akakuna pua yake iliyobabuka, akauliza swali moja tu: yaani mimi pia nahesabiwa mpita njia? Akaambiwa ndiyo, yeye hasa. Akasema kwamba wahandisi wana kazi za namna hiyo, za kusaidia kwa muda hadi mwenyewe aje, na ataiweka Gasharu kwenye kazi za wiki ile. Kisha akauliza kama akifunga vibaya atasamehewa. Mukantwari alipotafsiriwa swali hilo alisema atasamehewa kwa sababu ni mzungu, ila huyu Mrundi anayetafsiri asitegemee.

Mikono ya kikundi haikutosha. Jioni ile, darasani Sonatubes, Générose alisimama mbele ya wanafunzi wenzake na kuwaeleza. Hakuwa na desturi ya kuomba, na alieleza vibaya, kwa Kiingereza nusu na Kinyarwanda nusu. Alipomaliza, muuguzi mmoja aliyekulia Zaire akasema na yeye hana kipande. Karani akasema wala yeye. Padri, aliyezaliwa kambini, akasema kama kutokuwa na kitu ni sifa basi leo ametajirika. Jolly akapiga meza.

"Jumamosi darasa liko Gasharu," alisema. "Mje na mapanga, na asije mtu na soksi."

Wakaja. Walikuwa wamevaa nguo walizokuwa nazo, nyingine za ofisini. Nduwayo aliwaleta kwa lori, zamu kwa zamu. Watu wa Gasharu walikaa kwenye ukingo wao, hawakugusa vipande vya wengine, lakini wao ndio waliokata mafunjo na kuyafunga, kwa sababu kukata si kulaza. Wapita njia waliingia majini. Pirie alivua shati akawa mwekundu kama nyanya. Jolly alizama hadi kiunoni, akang'ang'ania kigingi, na kutoka hapo akawaamuru darasa zima kutamka "causeway" kwa pamoja kabla hajavutwa, wakatamka, mafunjo vichwani, matope midomoni.

Kabla ya kulaza kila kipande, Mukantwari alitaja nyumba yake. Hakusema zaidi ya jina la mwenye nyumba. Wageni walisimama kimya mpaka amalize, ndipo wakalaza. Générose alilaza kipande kinachofuata kile cha Mukantwari, nyumba ya mtu aliyeitwa Munyaneza. Alifunga matita yake kwa fundo alilolijua la kufungia mizigo, la Bujumbura, na mzee mwenye fimbo akatikisa kichwa lakini akamwachia.

Jua lilipoinama tuta lilikuwa moja, kutoka barabara hadi kilima. Aliyelivuka wa kwanza ni yule mkwe, tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni, akienda polepole, na hakuna aliyempigia makofi. Walimtazama tu anavyoweka mguu. Générose alikaa kwenye majani, mikono imechanika, akahisi kitu ambacho baadaye alimweleza Jolly kwa shida. Alisema ni kama kualikwa. Kwamba kumbe hata asiye na mahali ana kazi yake mahali, na anashukuru kwamba aliishi hadi kuijua.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, nzito. Kinamasi kilijaa. Mtoto alizaliwa zahanatini upande wa barabara, wa kike, mama yake akiwa amebebwa juu ya tuta kwenye machela, mvua ikinyesha.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ilipopumzika kidogo, Générose na Jolly walikwenda Gasharu kumpongeza mzazi, wakiwa na sukari na sabuni na kitenge. Walitembea kwenye tuta moja nyuma ya mwingine. Walipokaribia kipande cha Mukantwari wakaona mtu majini.

Alikuwa mwanamke, kijana bado, mguu mmoja umefungwa bendeji kuukuu hadi gotini. Alikuwa ameshika vigingi vya nyumba ya Munyaneza, na kutoka kati ya vigingi hivyo alikuwa anang'oa matita yaliyolazwa, moja baada ya jingine, na kuyatupa kwenye mafunjo. Nyuma yake, juu ya kipande cha Mukantwari, matita mapya yalikuwa yamepangwa tayari, na watoto wawili wadogo wamekaa juu yake. Mukantwari alikuwa amesimama kando yao, mikono kifuani, hatazami mtu.

Jolly alitaka kusema kitu, Générose akamgusa bega.

Yule mwanamke aliinua uso, akawasalimia. Alisema alikuwa hospitali, mbali, kusini, tangu mwezi wa tano, na huku nyumbani hakuna aliyejua amwulizie wapi. Mume hayupo. Yeye yupo na hawa wawili. Kisha akainua tita aliloshika, akalitazama lile fundo geni.

"Nani alilaza haya?"

"Wapita njia," alisema Générose.

"Wamefunga vibaya," alisema yule mwanamke. Akalisukuma tita, akapumua. "Lakini jana nimevuka na wanangu juu yake."

Générose aliweka mwavuli na sukari juu ya tuta. Akavua viatu, akakunja sketi yake, akashuka majini, upande wa nje wa kigingi. Maji yalikuwa baridi. Akanyoosha mikono yote miwili, na yule mwanamke akaanza kumpa yale matita ya mpita njia yaliyoloa, naye akayapokea.